Ndege ya Plastiki Sokoni, na Nyumba ya Hatua Saba

  Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unazungumzia vitu vya kuchezea watoto. Najua wengine watasema, "Mwalimu naye, watu wanatafuta chakula yeye anatuletea michezo!" Naomba mnivumilie. Msome mpaka mwisho, maana ndani yake kuna jambo ambalo lingeweza kumuua mtoto, na kosa lilikuwa langu mimi mwenyewe.

SOKONI

Jumamosi moja nilikwenda sokoni hapa Diaca kutafuta daftari. Mnajua soko letu lilivyo kando ya barabara hii ya kutoka Mocímboa da Praia kwenda Mueda. Kuna akina mama wa samaki wakavu, vijana wa kuchaji simu, na mama mmoja wa kalamidade ambaye anatandika turubai lake chini ya mti. Kwa wageni ambao hawajui, huku Msumbiji nguo za mitumba tunaziita kalamidade. Jina hilo lilitoka kwenye nguo za msaada za wakati wa vita vya zamani, zilizokuja kupitia idara ya serikali ya kupambana na maafa. Maafa kwa Kireno ni kalamidade. Vita viliisha mwaka 1992, jina likabaki.

Basi, pembeni ya nguo yule mama anaweka vitu vidogo vidogo ambavyo vinatoka kwenye marobota: mikanda, mikoba, dubu asiye na jicho. Siku hiyo niliona sanduku la karatasi, limepasuka kona zote, juu yake picha ya ndege imefifia kwa jua. Nikafungua. Ndani hakukuwa na ndege. Kulikuwa na vipande vya plastiki rangi ya kijivu, vimening'inia kwenye vijiti vya plastiki kama maembe kwenye tawi, na kila kipande kina namba. Na karatasi moja ya michoro, ya njano kwa uzee.

"Mama, hii kitu gani?"

"Mwalimu, mimi nitajuaje? Wewe ndiye umesoma. Imevunjika hiyo. Toa mia uchukue."

Nikamwambia haikuvunjika, ilikuwa haijaungwa tu. Kumbe nimejiharibia bei! Tulivutana mpaka tukafika metikali 60, na daftari nikanunua moja badala ya mbili.

NDEGE ILITOKA WAPI

Kwenye sanduku niliweza kusoma maneno mawili: Airfix na Spitfire. Spitfire ni ndege ya kivita ya Waingereza ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Airfix ni kampuni iliyotengeneza vipande. Nilipopata nafasi ya kutafuta habari zake kwenye simu ya rafiki, nilikuta mambo ambayo sikuyategemea.

Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1939 na mtu anayeitwa Nicholas Kove. Hakuwa Mwingereza. Alikuwa Myahudi kutoka Hungaria aliyehamia pale, mgeni katika nchi ya watu, na mwaka ule ndio vita vilianza. Alianza na vitu vya mpira vya bei rahisi vya kuchezea watoto, vya kujazwa hewa. Mwaka 1947 wakaingiza mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu ya chuma. Mnajua kitu cha kwanza walichotengeneza na mashine ile? Vitana vya kuchania nywele.

Mwaka 1949 kampuni ya matrekta ya Ferguson iliwaomba watengeneze trekta dogo la plastiki, ili wauzaji wake wawe wanawaonyesha wateja. Kuliunganisha lile trekta kwa mikono kulikuwa gharama. Wakaona bora waliuze vipande vipande, mnunuzi aunge mwenyewe nyumbani. Hapo ndipo watoto wa Uingereza walipozoea kuunga: meli, ndege, magari. Nchi nyingine nazo zina kampuni zao. Kule Japani, mjini Shizuoka, kampuni ya Tamiya ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasua mbao. Wakaanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao vya kuunga, kisha mwaka 1960 wakatoa meli yao ya kwanza ya plastiki.

Leo huko kwao kuna maonyesho makubwa ya vitu hivi. Ya Shizuoka yalianza mwaka 1959 na hufanyika mwezi wa tano. Uingereza hukutana Telford mwezi wa kumi na moja. Watu wazima wenye mvi wanapita meza kwa meza wakitafuta masanduku ya zamani, na sanduku ambalo halijafunguliwa ndilo lenye bei. Wengi wanatafuta lile lile waliloliunga walipokuwa wadogo, au lile ambalo baba alikataa kununua. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikasema, mimi ninayecheka, je, nikikuta leo sokoni kile kikombe cha bati tulichokiacha nyumbani, si nitatoa pesa yote niliyonayo?

HESABU CHINI YA MWEMBE

Jumatatu nikaenda na sanduku darasani. Darasa letu mnalijua, mkeka na ubao chini ya mwembe. Watoto walijaa kama siku ya kugawa biskuti.

Kwenye karatasi ya michoro kulikuwa na namba 1/72. Nikawaeleza kwamba hicho ni kipimo: ndege ya kweli ni kubwa mara 72 kuliko hii. Tukapima mabawa kwa rula kutoka ncha hadi ncha, tukapata sentimita 15 na milimita 6. Tukazidisha kwa 72. Wengine walikosea, tukarudia. Jibu likawa sentimita 1,123, yaani mita 11 na sentimita 23. Na ndivyo ilivyo kweli, mabawa ya Spitfire yana mita 11.23.

Lakini mtoto ukimwambia mita kumi na moja anakuangalia tu. Nikachora mstari mchangani, nikawaambia walale kichwa kwa miguu. Walitosha watoto tisa. Walicheka mpaka mama mmoja akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Tangu siku ile sijapata shida kufundisha sehemu na vipimo.

Fundi mmoja mzee wa kuchonga, Mmakonde wa Mueda, alikuwa anapita akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mnafanya nini?"

Nikamwonyesha. Akageuza kipande cha bawa mkononi, akakinusa. Akasema, "Sisi tunaanza na gogo zima la mpingo, tunaondoa, tunaondoa, mpaka mtu aliyemo ndani anatoka. Nyinyi mnaanza na hakuna kitu, mnaongeza." Kisha akaniuliza kama nina kisu kikali. Sikuwa nacho. Akatoa chake, akatuonyesha namna ya kukata kipande kutoka kwenye kijiti bila kukipasua. Wachongaji wa Kimakonde, wengi wao walivuka Ruvuma zamani kwenda Tanganyika kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na vinyago vyao vikawa maarufu mpaka Dar es Salaam na dunia nzima. Babu huyu naye anasema baba yake alikuwa mmoja wao.

Tukaanza kuunga. Gurudumu moja lilikuwa limepotea, na panga moja la feni ya mbele. Gurudumu tukakata kwenye kandambili iliyochakaa. Panga tukakata kwenye dumu la mafuta. Zile picha za kubandika zilikuwa zimekauka, zikavunjika kama majani, tukaziacha.

SWALI LA BINTI MMOJA

Ndege ilipokuwa karibu kwisha, binti mmoja wa miaka kama tisa, ambaye huwa hasemi sana, akauliza: "Mwalimu, inabeba nini?"

Nikasema, "Inabeba watu."

Akaangalia ndani. "Mbona ina kiti kimoja?"

Jamani, nilikosa la kusema. Watoto wetu hawa mnawajua. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi wa nane mwaka 2020 mji ukatekwa kabisa, ukakombolewa mwezi wa nane mwaka 2021. Wapo darasani kwangu ambao wamejifunza kutofautisha sauti ya helikopta na sauti ya lori kabla ya kujifunza a, e, i, o, u. Ikipita helikopta, hata ya kuleta chakula, wapo wanaokimbilia ndani. Na mimi mwalimu wao nimewaletea ndege ya vita na kuwadanganya kwamba inabeba watu.

Nikawaambia ukweli. Nikasema hii ilikuwa ndege ya kupigana, ilibeba mtu mmoja na bunduki kwenye mabawa. Kimya. Nikawauliza, tuitupe? Wavulana wawili wakasema hapana, imechukua siku nne. Binti yule akasema tuimalize, lakini asiiweke mtu juu ya vichwa vyetu. Wengine walitaka kuifunga uzi kwenye tawi, unaona. Basi ndege ikakaa chini, juu ya jiwe kando ya ubao, na iko pale hadi leo.

Nikajifunza kitu. Mtoto akiuliza swali kuhusu vita, usimpe jibu tamu. Anajua zaidi ya unavyofikiri, na akikukamata unadanganya kwenye kidogo, hatakuamini kwenye kikubwa.

KOSA LANGU

Baada ya ndege kwisha, watoto wakataka kuunga vitu vyao wenyewe. Nikafurahi sana. Nikasema, "Kila mtu alete vifaa. Tafuteni waya, makopo, chuma, plastiki, chochote." Nikaenda nyumbani nikala nikalala, nikijiona mwalimu hodari.

Kesho yake mvulana mmoja alichelewa. Alipofika alikuwa anatetemeka. Alikuwa amekwenda kutafuta waya kwenye shamba lililoachwa, mbali na njia. Akaona kitu cha chuma kimefukiwa nusu, kina kutu, kimechongoka. Akainama akichukue. Halafu akakumbuka mjomba wake aliwahi kumwambia asiguse chuma asichokijua. Akarudi nyuma kwa nyayo zake zile zile mpaka njiani, akakimbia kwa mjomba. Mjomba akaenda kwa kiongozi wa mtaa, kiongozi akawaita wanajeshi. Wakaweka alama, watu wakaambiwa wasisogee, baadaye kikaondolewa.

Siku ile sikufundisha. Nilikaa. Nilikuwa nimewatuma watoto thelathini na kitu waende kuokota chuma katika nchi iliyokuwa na vita, na sikuwaambia neno moja la tahadhari.

Msumbiji ilipata sifa kubwa mwezi wa tisa mwaka 2015, ilipotangazwa kwamba mabomu yote ya ardhini yanayojulikana ya vita vya zamani yameondolewa. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 20. Wazazi wengi bado wanakumbuka tangazo lile na wanasema, "Nchi yetu imesafishwa." Ni kweli ilisafishwa. Lakini vita hivi vya Cabo Delgado vimekuja baadaye, na vimeacha vitu vyake vipya: risasi, makombora ambayo hayakulipuka, na mabomu ya kutegwa njiani. Mtoto wa miaka minane hajui tofauti kati ya kopo la nyanya na kitu cha kumkata miguu. Anaona chuma kizuri cha kutengenezea gari.

NYUMBA YA HATUA SABA

Tulianza upya. Safari hii tukaweka sheria, nitazitaja hapa chini. Vifaa vikatoka majumbani na kwenye jalala la kambi tu, na mtu mzima akiwepo.

Vitu vilivyotoka ningependa mngeviona wenyewe. Magari ya waya yenye usukani mrefu wa mti, ambayo jirani zetu wa Malawi wanayaita galimoto. Chapa ya kopo la maziwa, imepakia abiria wa udongo mpaka juu ya paa. Mtoto mmoja wa mvuvi akatengeneza mashua, tanga la mfuko wa nailoni. Nikamwambia kwamba Mombasa, kwenye makumbusho ya Fort Jesus, kuna mfano mdogo wa mtepe. Mtepe ni jahazi la zamani la pwani yetu ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Siku hizi halitengenezwi tena, lakini mtu akiuangalia ule mfano anaelewa mababu walifanyaje. Yule mtoto akaniuliza, "Kwa hiyo mashua ya baba ikipotea, hii itabaki?" Nikasema ndiyo, ukiipima vizuri.

Neno hilo la kupima likamwingia mwenzake, yule yule mvulana wa shambani. Akasema anataka kutengeneza nyumba yao ya zamani. Nikamwuliza ilikuwa na ukubwa gani. Hakujua, alikimbia akiwa mdogo. Nikamwambia amuulize baba.

Sasa baba yake, wale wanaomjua wanajua, ni mtu ambaye tangu alipofika hapa hazungumzi habari za nyuma. Ukimwuliza anasema "tumshukuru Mungu" na anaondoka. Mtoto aliniambia kwamba jioni ile baba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasimama, akatoka uani, akaanza kutembea. Hatua saba mbele. Akageuka. Hatua tano upande. Akasema, "Hapa mlango. Hapa kitanda chako. Hapa bibi yako alikuwa anakaa na kinu chake." Alitembea nyumba nzima kwenye mchanga, na mama akatoka akamsahihisha kwamba dirisha lilikuwa upande wa mkorosho, siyo huku. Wakabishana mpaka usiku kuhusu dirisha.

Tulipima hatua ya baba, ikawa sentimita 75. Hatua saba ni mita 5 na robo, hatua tano ni mita 3 na robo tatu. Tukagawa kwa 25. Nyumba ikatoka sentimita 21 kwa 15. Kuta ni za vijiti na udongo, paa la majani makavu, mlango wa kopo la dagaa. Dirisha liko upande wa mkorosho. Mama alishinda.

Baba alikuja kuiona chini ya mwembe. Alichuchumaa akaiangalia. Akasema paa limeinama sana, mvua itaingia. Akaondoka, akarudi na majani mengine, akalirekebisha mwenyewe. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikumwuliza.

WAZAZI, NAOMBA HAYA

Moja. Mwambie mtoto leo, siyo kesho: chuma usichokijua usikiguse, usikipige jiwe, usikichome moto, usikilete nyumbani. Simama, rudi kwa nyayo zako mwenyewe, mwambie mtu mzima. Na akija kukuambia, usimgombeze kwa nini alikwenda kule. Ukimgombeza, mara ya pili hatasema.

Mbili. Vifaa vya kuchezea vitafutwe nyumbani na sehemu ambazo watu wanapita kila siku. Shamba lililoachwa, nyumba iliyobomoka na mahandaki siyo mahali pa kuokota waya.

Tatu. Gundi kali ni ya mtu mzima. Itumike nje penye upepo. Ile ya kuungia plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, na moshi wake unalewesha. Kijana akianza kuinusa makusudi, hiyo siyo michezo tena. Plastiki nayo msichome, moshi wake ni sumu.

Nne. Vipande vidogo na betri za simu viwe mbali na watoto wachanga. Mtoto chini ya miaka mitatu kila kitu anaweka mdomoni.

Tano. Kaeni na watoto mnapotengeneza. Baba anayejua kusuka wavu, babu anayejua kuchonga, mama anayejua kushona dirisha lilikuwa upande gani, nyinyi ndio walimu. Mimi nina rula tu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi tutapanga vitu vyote chini ya mwembe, kila familia ije ione. Hakuna zawadi wala kiingilio. Mama wa kalamidade ameahidi kuja, anataka kuona kile "kilichovunjika" alichoniuzia. Ameshaniambia kwamba akipata sanduku jingine kama lile, bei yake ni mia mbili.

Mwalimu wenu wa kujitolea. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.